Kuokoa ni Siku, Kutunza ni Miaka: Historia Fupi ya Marafiki wa Msitu wa Karura

Msitu wa Karura una ukubwa wa hekta 1,041 hivi, na wote umo katika eneo la jiji la Nairobi. Upande wa kusini umepakana na Muthaiga, magharibi kuna Gigiri na makao ya Umoja wa Mataifa, kaskazini kuna Runda na kijiji cha Mji wa Huruma, na mashariki inapita Barabara ya Kiambu. Mabwanyenye, mabalozi na vibarua wote ni majirani wa msitu huu. Si misitu mingi mikubwa kiasi hiki iliyosalia ndani ya mipaka ya jiji kuu barani Afrika.

Chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura hakikupanda miti ya kwanza ya msitu huu, wala si chenyewe kilichopigana vita vya kuunusuru. Heshima hiyo ina wenyewe, na historia hii inaanza kwa kuwataja. Kazi ya chama ilikuja baadaye: kuhakikisha kwamba msitu uliookolewa kwa damu haurudi mikononi mwa majambazi na wanyakuzi kwa kukosa mtu wa kuuangalia. Ni kazi ya kila siku isiyo na vishindo, ya uzio, vibao, vyoo, mishahara na miche.

Msitu kabla ya chama, 1932–1997

Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kabla ya hapo shoka lilikuwa limekwisha pita. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na kwa miaka mingi injini zake ziliendeshwa kwa kuni. Sehemu kubwa ya miti ya asili iliyozunguka mji ikakatwa, na mahali pake pakapandwa miti ya kigeni inayokua haraka, hasa mikaratusi. Ndiyo maana hata leo Karura ni msitu wa sura mbili. Kuna mashamba ya mikaratusi na misaipresi yaliyopandwa kwa mistari, na kuna sehemu za asili zenye muhugu, mutamaiyo, mukinduri na muthiga.

Mito ya Karura, Gitathuru na Ruaka hupita humo ikielekea kuungana na Mto Nairobi. Katika Mto Karura kuna maporomoko ya maji ya takriban mita 15, na karibu yake mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau wanakumbukwa kuyatumia kama maficho wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952.

Baada ya Uhuru msitu ulibaki mali ya serikali, lakini wananchi wa kawaida hawakuwa na shughuli nao. Jina la Karura likaanza kutajwa kwa woga: wezi walijificha humo, magari yaliyoibwa yaliachwa humo, na mara kwa mara maiti zilitupwa humo. Msitu usioingiwa na watu wema ni rahisi kuuza, kwa sababu hakuna anayeona kinachotendeka ndani.

Mapambano, 1998–1999

Mwaka 1998 wananchi waligundua kwamba mamia ya ekari za Karura zilikuwa zimegawiwa kampuni binafsi, na tingatinga zilikuwa zimeanza kusafisha viwanja vya kujenga nyumba. Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement na mwaka 1989 aliongoza kampeni ya kuzuia jumba refu lisijengwe katika Uhuru Park, alipeleka mapambano Karura. Silaha yake ilikuwa miche. Waandamanaji walikwenda kupanda miti pale ambapo mingine ilikuwa imeng'olewa, na Oktoba mwaka huo mitambo ya wajenzi ikachomwa moto.

Tarehe 8 Januari 1999, Wangari pamoja na wabunge, waandishi wa habari na wanamazingira walikwenda kupanda mti karibu na lango. Walikuta kundi la vijana waliokodiwa wakiwa na marungu, viboko na mapanga. Wangari alipigwa na kujeruhiwa kichwani. Wiki chache baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu jijini waliandamana na kupambana na polisi. Makao ya Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa, UNEP, yalikuwa jirani tu, na habari zikaenea duniani kote. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alilaani shambulio hilo.

Tarehe 16 Agosti 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Ujenzi ukasimama. Hata hivyo hati nyingi za viwanja zilikuwa bado mikononi mwa watu, na msitu wenyewe ulikuwa bado hauna mlinzi wa kutosha. Karura ilikuwa imenusurika, lakini hakuna aliyekuwa akiitunza.

Sheria yafungua mlango, 2002–2008

Uchaguzi wa Desemba 2002 ulileta serikali mpya, na Wangari akachaguliwa mbunge wa Tetu. Mwaka uliofuata aliteuliwa naibu waziri wa mazingira. Mwaka 2004 mambo mawili yalitokea. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ilieleza jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyogawanywa kinyume cha sheria. Naye Wangari akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuipata.

Lakini hatua iliyozaa chama hiki ilikuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika mwaka 2007. Sheria hiyo iliunda Shirika la Huduma za Misitu, KFS, kuchukua nafasi ya idara ya zamani ya serikali. Zaidi ya hayo, kwa mara ya kwanza iliwaruhusu wanajamii wanaoishi karibu na msitu kusajili chama chao na kutia saini mkataba na KFS wa kushirikiana katika kuutunza. Chama hupewa wajibu wa kulinda, kuripoti uharibifu na kusaidia kutekeleza sheria. Kwa upande wa haki, wanachama wanaweza kuruhusiwa kuokota kuni, kukata nyasi, kufuga nyuki, kuchuma dawa za miti shamba na kuendesha matembezi ya burudani. Sheria ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi yake iliudumisha utaratibu huo.

Msomaji wa Lodwar au Kaaleng, kaskazini mwa Kenya, hataliona wazo hilo kuwa geni. Kandokando ya Mto Turkwel na laga za Turkana, yaani mito ya msimu, familia zina *ekwar*, yaani sehemu ya miti ya kando ya mto inayotambuliwa na wote kuwa chini ya uangalizi wa familia fulani. Wakati wa ukame mgeni halishi mbuzi wake maganda ya ewoi (aina ya mgunga) humo bila idhini, na mti haukatwi hivi hivi. Sheria ya 2005 iliandika kwenye karatasi jambo ambalo wafugaji walikuwa wakilitekeleza bila karatasi: mti wenye mwenyewe hudumu kuliko mti usio na mwenyewe. Kwa Karura swali lilikuwa, ni nani basi mwenyewe, katikati ya jiji la mamilioni?

Kuundwa kwa chama na uzio, 2009–2010

Marafiki wa Msitu wa Karura waliundwa mwaka 2009 kama chama cha jamii cha msitu chini ya sheria hiyo. Walikutana watu ambao kwa kawaida hawangekaa meza moja: wakazi wa mitaa ya kifahari, wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa, maafisa wa KFS, na wakazi wa Mji wa Huruma ambao kwa miaka mingi waliutegemea msitu kwa kuni. Miongoni mwa waliosukuma kazi hiyo mwanzoni alikuwa Alice Macaire, mke wa Balozi wa Uingereza wakati huo, pamoja na Profesa Karanja Njoroge, aliyewahi kuwa mkurugenzi mtendaji wa Green Belt Movement na ambaye alikuja kuwa mwenyekiti wa chama kwa miaka mingi. Wangari Maathai aliuunga mkono mpango huo, na baraka zake zilikuwa na uzito ambao mwingine yeyote asingeweza kuutoa.

Kazi ya kwanza ilikuwa uzio wa umeme. Fedha zilichangwa na kampuni, mabalozi na majirani. Vijana wa Mji wa Huruma waliajiriwa, na baadhi yao wakapata mafunzo ya ulinzi na kuwa askari wa jamii wanaozunguka msituni pamoja na askari wa KFS. Uamuzi wa kuwaajiri hao ulikuwa na busara mbili. Waliujua msitu kuliko mtu yeyote, na kila mshahara uliofika kijijini uliongeza idadi ya nyumba zilizoona faida ya mti uliosimama.

Uzio una maswali yake. Unaweza kuzuia mnyakuzi na mwizi wa mbao, na unaweza pia kumfungia nje maskini aliyekuwa akiingia bila kuuliza mtu. Kwa sababu hiyo chama hakingeweza kuishia kwenye waya. Ilibidi kionyeshe kwamba ndani ya uzio kuna kitu cha kila mtu.

Milango yafunguliwa, 2011–2013

Februari 2011 Karura ilifunguliwa kwa umma. Raia mtu mzima alilipa shilingi 100, na mtoto alilipa pungufu. Fedha za langoni ziliwekwa chini ya usimamizi wa pamoja wa KFS na chama, na zikatumika papo hapo kulipa askari, kutengeneza njia, kupanda miti na kukarabati uzio. Mpangilio huu ndio ulioupa msitu uwezo wa kujiendesha bila kungoja bajeti ya serikali kila mwaka.

Njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli zilisafishwa hadi zikazidi kilomita 50. Makutano ya njia yalipewa namba na kuwekewa vibao, jambo linaloonekana dogo lakini lililobadilisha sifa ya mahali. Mtu asiyepotea haogopi, na aliyepatwa na shida huweza kusema yuko wapi. Vikafuata viti vya kupumzikia, vyoo, sehemu za mandari, eneo la kuegesha magari na mkahawa kando ya mto.

Hapo ndipo chama kilipogundua ukweli uliokuja kuwa msingi wa sera yake: ulinzi mkubwa wa msitu ni watu waliomo. Kadiri watembeaji walivyoongezeka, ndivyo majambazi walivyokosa maficho na mkata mti alivyokosa faragha. Tingatinga la mwaka 1998 liliingia mahali pasipokuwa na macho. Leo tingatinga likiingia, picha zake zitasambaa kabla injini haijapoa.

Wangari Maathai aliwahi kuuona mwanzo huo. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, miezi michache baada ya milango kufunguliwa.

Miti na wanyama warudi, 2014–2019

Usalama ulipotulia, kazi iligeukia msitu wenyewe. Mikaratusi iliyokomaa huvunwa na KFS kwa awamu, na maeneo hayo hupandwa miti ya asili. Kupanda ndilo jambo rahisi, na ndilo linalovutia wapiga picha. Kazi ngumu huanza baada ya wageni kuondoka. Lantana na magugu mengine vamizi huota upesi kwenye ardhi iliyoachwa wazi na kuisonga miche, kwa hiyo vikundi vya kujitolea, wanafunzi na wafanyakazi wa kampuni huja kupalilia na kung'oa magugu. Katika kazi hii kidole kimoja hakivunji chawa. Hekta moja ya lantana inahitaji mikono mingi, na inahitaji mikono hiyo irudi tena msimu ujao.

Kati ya mwaka 2014 na 2016, Taasisi ya Utafiti wa Nyani nchini ilihamisha mbega weusi kwa weupe zaidi ya mia moja kutoka Kipipiri, Nyandarua. Huko walikuwa wakigombana na wakulima kwa sababu misitu yao ilikuwa imekwisha. Mbega huishi juu ya miti na huhitaji matawi yanayoshikana, kwa hiyo kukubali kwao kukaa Karura ni ushahidi kwamba matawi ya msitu yanafungana tena. Pamoja nao wapo kima, paa, pongo, nguruwe mwitu, fungo na kanu. Ndege wa humo ni zaidi ya aina 200, akiwemo tai mkubwa wa msituni mwenye kishungi, ambaye huwinda kima.

Uongozi na huduma

Chama huendeshwa na kamati inayochaguliwa na wanachama, chini ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wengi wao hutumikia bila mshahara. Chini yao kuna wafanyakazi wa kuajiriwa: askari wa jamii, watunza njia na wahudumu wa bustani ya miche. KFS hubaki na mamlaka ya kisheria juu ya msitu, ikiwakilishwa na msimamizi wa kituo. Mgawanyo huo haujawa rahisi siku zote, lakini umeufanya msitu uwe na macho mawili. Serikali haiwezi kuuza kitu jamii isione, na jamii haiwezi kufanya lolote nje ya sheria.

Kwa muhtasari, huduma ambazo chama kimejenga au kusaidia kujenga ni hizi:

- ulinzi wa mchana na usiku ndani ya uzio;
- njia za matembezi, mbio na baiskeli zenye alama;
- elimu ya mazingira kwa wanafunzi wa shule;
- upandaji wa miti ya asili na uondoaji wa magugu vamizi;
- ajira kwa vijana wa Mji wa Huruma, pamoja na utaratibu wa kina mama kuokota kuni kavu;
- usafi, ambao ulirahisishwa tarehe 5 Juni 2020 serikali ilipopiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika maeneo yote ya hifadhi.

Mitihani ya karibuni, 2020–2025

Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko, wakazi wa jiji waliokatazwa mikusanyiko ya ndani walitafuta hewa chini ya miti. Thamani ya sehemu ya wazi katika jiji, ambayo hapo awali ilihesabiwa kwa bei ya kiwanja, ikaonekana kwa macho.

Lakini hatari hazikwisha. Mwaka 2024, mpango wa kupanua Barabara ya Kiambu kwa kumega ardhi ya msitu ulipingwa mahakamani, na Green Belt Movement ikawa tena mstari wa mbele. Agosti 2025 KFS iliagiza malipo yote ya langoni yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen. Chama kilipinga, kikisema kwamba kuondoa usimamizi wa pamoja wa fedha ni kuuvunja mkataba uliouwezesha msitu kujitunza, na shauri hilo likafika mahakamani. Upande wa serikali una hoja yake: mapato ya umma yanapaswa kupita katika mfuko unaokaguliwa. Upande wa chama una hoja pia: fedha zikiondoka msituni, huenda zisirudi kwa wakati wa kulipa askari wa zamu ya usiku. Mvutano huu umeonyesha kwamba uimara wa taasisi hupimwa kwa mikataba yake kama unavyopimwa kwa miti yake.

Hatua kuu kwa mpangilio wa miaka

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1932 | Karura yatangazwa msitu wa serikali |
| 1952 | Hali ya Hatari. Mapango ya Karura yakumbukwa kuwa maficho ya Mau Mau |
| 1998 | Ugawaji wa ardhi ya msitu wafichuka. Upinzani waanza |
| Januari 1999 | Wangari Maathai na wenzake washambuliwa |
| Agosti 1999 | Ugawaji wa ardhi ya umma wapigwa marufuku |
| 2004 | Ripoti ya Ndung'u. Tuzo ya Nobel ya Amani kwa Wangari Maathai |
| 2005–2007 | Sheria ya Misitu yapitishwa na kuanza kutumika. KFS yaundwa |
| 2009 | Chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura chaundwa |
| Februari 2011 | Msitu wafunguliwa kwa umma |
| Septemba 2011 | Wangari Maathai afariki dunia |
| 2014–2016 | Mbega wahamishwa kutoka Kipipiri |
| 2016 | Sheria mpya ya misitu yadumisha vyama vya jamii |
| 2020 | Plastiki za kutumika mara moja zapigwa marufuku katika hifadhi |
| 2024 | Kumega msitu kwa ajili ya Barabara ya Kiambu kwapingwa mahakamani |
| 2025 | Shauri kuhusu usimamizi wa ada za langoni |

Kazi iliyobaki

Kazi tatu zinakingoja kizazi kijacho cha wanachama. Ya kwanza ni kumaliza kubadilisha mikaratusi kwa miti ya asili, kazi ya miongo kadhaa ambayo wengi walioianza hawataiona ikikamilika. Ya pili ni kuhakikisha ada ya langoni haiwi ukuta. Msitu wa umma ukigeuka uwanja wa wenye magari pekee, utapoteza walinzi wake wa kweli kutoka Mji wa Huruma. Ya tatu ni kuandika mkataba na serikali unaoeleza wazi fedha zinaingia wapi, zinatoka vipi na nani anazikagua, ili uhusiano usitegemee hisani ya afisa aliyeko ofisini.

Miji mingi ya Kenya ina kipande cha ardhi ya umma kilichoachwa kuwa jaa au maficho ya wahalifu. Miti ya kando ya mto Lodwar, bustani za katikati ya miji midogo na misitu ya kaunti, zote zinaweza kufaidika na mfano wa Karura. Kilichohitajika hapa kilikuwa majirani waliokubali kukutana, mkataba ulioandikwa, fedha zilizohesabiwa hadharani, na watu waliorudi kupalilia miche msimu baada ya msimu. Mambo hayo manne hayahitaji jiji kubwa, na chama kiko tayari kuwafunza wanaotaka kuanza.